Siku Niliyomlilia Bi Mwanahawa Akiwa Hai

Jamani, leo nacheka, lakini siku ile ningepata shimo ningeingia na viatu vyangu. Mimi, mtu mzima mwenye akili zangu (ndivyo mama anavyowaambia watu kule Mbeya), nilisimama mbele ya watu kama arobaini kwenye bustani moja ya Carrollton, hapa Texas, Marekani, nikamtangaza mtu mwenye afya yake kuwa ni marehemu. Na nikalia. Kulia kweli, kamasi na yote.

Kwanza mjue baridi ilivyotupiga mwaka huu. Naishi Euless, nafanya kazi kwenye ghala la mizigo karibu na uwanja wa ndege, na tangu Novemba nilikuwa napiga shifti mbili mbili, natoka giza narudi giza, barafu ikafunga barabara, ilipoyeyuka mizigo yote ikatuangukia sisi, basi ujumbe wa kundi letu la Watanzania ukajaa kwenye simu mpaka nikawa naogopa kuufungua. Siku moja ya Januari, nikiwa kwenye mapumziko ya dakika kumi, nikafungua ujumbe wa sauti wa dada Neema, ambaye ndiye mratibu wetu wa kila kitu, nikamsikia anasema, "Wapendwa, kwa huzuni nawaarifu, Bi Mwanahawa wetu ametuacha..." Hapo hapo supavaiza akaniita. Nikazima simu.

Ujumbe ulikuwa wa dakika tatu. Mimi nilisikia sekunde saba.

Mtaniuliza, kwa nini hukuumalizia baadaye? Uoga, ndugu zangu. Nilijifungia chooni nikalia, nikajiambia nitausikiliza nikitoka, nikatoka nimechoka, kesho yake nikaona aibu, wiki ikapita nikajua wameshazika bila mimi, na nikimpigia mtu ataniuliza, "Wewe ulikuwa wapi?" Nikaamua kunyamaza. Uamuzi mdogo tu.

Maana Bi Mwanahawa si mtu wa kukosa kumzika. Ni mama wa Tanga, mjane, miaka sitini na kitu, alikuwa anahudumia wazee kwenye nyumba yao ya kutunziwa. Mimi nilipokuja nchi hii mara ya kwanza hakunijua hata sura, aliambiwa tu na mpwa wake kwamba kuna kijana anafika, akaja uwanja wa ndege na koti la marehemu mumewe, akanivalisha palepale watu wakitutazama. Alinifundisha ku-drive kwa gari lake mwenyewe, nikagonga kibanda cha vitoroli vya dukani, akashuka, akatazama taa iliyovunjika, akarudi akafunga mkanda, akasema, "Haya, washa tena." Basi! Na kila tukionana alimuulizia mama yangu kwa jina, na goti lake linavyoendelea.

Ilipofika machipuko, maua ya buluu yamejaa kando ya barabara kuu, Neema akatuita bustanini tule nyama, tujuliane hali baada ya baridi. Nikaenda. Watu wakanipokea kwa shangwe, "Umefufuka!" wakaniambia nitoe neno kabla ya chakula. Nami moyo ukanisuta, nikaona hapa ndipo pa kufuta aibu yangu yote.

"Kabla hatujala," nikasema, "naomba tusimame tumkumbuke Bi Mwanahawa."

Watu wakatazamana. Kumbe wao walijua yuko Houston, kwa hiyo wakadhani nimepata habari mpya kutoka huko! Mzee mmoja akasema, "Innalillahi." Mimi nikaona wameguswa, nikaendelea, nikalieleza koti, nikaeleza gari, nikafika kwenye goti la mama yangu sauti ikakatika, na akina mama nao wakaachia vilio. Nilipomaliza, watu walikuwa wanapanga magari ya kwenda Houston, na mimi (kimbelembele) nikasema gari langu linachukua saba. Nikadhani alizikwa huko, wanakwenda kuzuru kaburi.

Neema hakulia. Alikuwa pembeni anampigia Rukia, binti yake Bi Mwanahawa, kumpa pole.

Rukia ni muuguzi, alikuwa kazini. Alichofanya baada ya kusikia pole ile nilikuja kuelezwa baadaye: alikaa chini kwenye korido ya hospitali, akashindwa hata kubonyeza namba, mwenzake ndiye aliyempigia simu nyumbani. Na nyumbani akapokea mama yake.

Baada ya dakika chache simu ya Neema ikalia, video. Neema akapiga ukelele, akaigeuza kwetu. Bi Mwanahawa, kajifunga kanga, mjukuu begani.

Nikasema kitu pekee kilichonijia mdomoni: "Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Nani kaniua?"

Bustani nzima ikaninyooshea vidole.

"Umeniua kwa maradhi gani, mwanangu?"

Nikaeleza zile sekunde saba. Neema akashika kichwa. "Nilisema ametuacha, kahamia Houston kulea mjukuu, Jumamosi njooni tumuage kwa chai!" Watu wakaanguka kwa kicheko, mmoja akamwaga soda yake yote. Bi Mwanahawa hakucheka. Akaniambia nirudie niliyoyasema juu yake, yote, wala nisiruke. Nikarudia nikiangalia majani, na safari hii hakuna aliyelia ila mimi. Akampigapiga mtoto mgongoni.

"Na maneno hayo yote," akasema, "ulikuwa unangoja nife?"



Jumamosi iliyofuata nili-drive kwa muda wa saa nne mpaka Sharpstown, kule Houston. Rukia ndiye aliyefungua mlango, akanitazama muda mrefu, akasema, "Kaka, usinifanyie tena hivyo," macho yakamjaa machozi, nami nikaomba radhi pale kizingitini kabla ya kuvua viatu. Mama yake akaita kutoka ndani, "Mwache aingie, muuaji ana njaa." Akanipa wali na samaki, akanikalisha karibu yake, tukaongea mpaka alasiri mambo ya baridi nzima, yangu na yake. Nikagundua kuhama kule kulimuuma sana, na siku ile ya chai alitazama mlangoni akiningoja mpaka vikombe vikaondolewa.

Tangu hapo ujumbe wa sauti nausikiliza mpaka mwisho, hata ule wa shemeji yangu wa dakika kumi na moja. Na nikimkumbuka mtu, nampigia siku hiyohiyo. Akipokea, ndipo naamini yuko hai.