Mfua mashuka na sentensi kumi za Kiingereza

Saa sita na robo mchana mashine zimezimwa kwa mapumziko, lakini Mama Mashuka hali chakula. Amegeuza ndoo akaikalia, na pajani ameweka kipande cha boksi la sabuni. Anachora mstari mlalo, anaukata kwa kistari cha wima, kisha anaukodolea macho upande wa kushoto.

"Hapa anakaa mtendaji," anasema bila kuniangalia mimi mgeni wake. "Kulia ni tendo. Halafu kistari kifupi, kisha kinachotendwa. Usinisemeshe kwanza."

Ana miaka hamsini na miwili, na kumi na mmoja kati ya hiyo ameimaliza humu kwenye chumba cha kufulia, akifua mashuka ya hospitali. Sasa imeletwa mashine mpya, maelekezo yake yote Kiingereza. Mwezi uliopita mwenzake alielewa nusu ya sentensi, akafungua mlango kabla mashine haijapoa. Mvuke ukamchoma mkono. Tangu hapo mkufunzi wa mashine hiyo anataka kila mfuaji achore sentensi kumi, aonyeshe nani anafanya nini. Kufaulu ni nane. Atakayeshindwa mara mbili hataongezewa mkataba.

Mwalimu wake ni mkwewe, mke wa mwanawe, anayefundisha shule ya msingi. Hapo ndipo penye kazi. Binti wa watu alikuwa anaona haya kumkosoa mama mkwe, akaweka alama ya vema kila mahali, hata palipoharibika.

"Nikamwambia, mwanangu, heshima yako itanifukuzisha kazi. Nikikosea, niwekee mkasi."

Mkasi ukaja. Alikuwa ameandika "The machine it washes the sheets." Kosa hilo ni letu sote: tunasema mashine inafua, na ile "i" tunaibeba mpaka kwenye Kiingereza, inakuwa "it".

"Samahani, mama," mkwe alimwambia. "Kushoto pana kiti kimoja. Wewe umekalisha wawili."

Saa saba mkufunzi anaingia na karatasi za mtihani. Mama Mashuka anaifuta kwenye aproni mikono yake iliyozoea maji ya moto, kisha anashika kalamu. Nami nasogea karibu kana kwamba mtihani ni wangu.

Majibu yanasahihishwa palepale. Hadi sentensi ya tisa ana saba. Ya kumi ni fupi: "Close the door." Kushoto, ambako sentensi haitaji mtendaji, ameandika "I", yaani mimi.

Mkufunzi anaweka mkasi. "Kwenye amri mtendaji haonekani, mama, lakini yupo. Ni 'you', wewe unayeambiwa."

"Si ndiye mimi huyo? Ukisema funga mlango, hapa anayefunga ni nani?"

Wenzake wanacheka, mkufunzi naye anacheka, lakini alama haibadiliki. Atarudia baada ya wiki mbili, na hiyo ndiyo ya mwisho.

Kwenye korido anafuta macho kwa pindo la aproni. Inaniuma kumwona hivyo, na ninadhani amekata tamaa.

"Miaka kumi na mmoja naambiwa mimi tu," anasema. "Lete, beba, funga. Ningemwandika nani mwingine?"

Anapenga kamasi, anaikunja karatasi yake vizuri na kuitia mfukoni.

"Leo jioni nitampa mkwe wangu amri ishirini. Yeye afunge, yeye abebe, mimi nichore 'you' mpaka mkono uzoee. Atanivumilia. Wiki mbili tu, halafu nitamwomba radhi."