Magongo Niliyomchongea Shemeji

Mume wa dada yangu ni fundi cherehani. Mtaa mzima unamwita Sentimita, maana hakati kitambaa kabla hajapima mara tatu. Mimi ni seremala. Napima kwa jicho, na mafundi wenzangu wote wanalijua jicho langu, nimewaambia mwenyewe. Basi Sentimita alipovunjika mguu akafungwa plasta, nikamchongea magongo. Aliomba nimpime kwanza, nikamcheka. Nikayafanya marefu makusudi, aning'inie kwa makwapa, mikono yote miwili ibaki huru kukata nguo mezani.

Alisimama hivyo wiki tatu, kama koti kwenye hanga, anakata sare za shule. Asubuhi moja mkasi ukamponyoka. Kiganja cha kulia kikalegea, hakiinuki. Mimi niliyeishia darasa la sita lakini sikosi la kusema, nikatoa hukumu mbele ya wateja: msuli umezoea uvivu. Nikampa mpira aufinye.

"Shemeji, mkono umeomba likizo?"

Akacheka kidogo, macho yakiwa kwenye mkasi. Mkono ule ndio uliolisha nyumba ya dada yangu miaka kumi na minane.

Nikamsindikiza hospitali, hasa nikaoneshe ujuzi wangu. Daktari wa viungo akamgusa kwa pini nyuma ya kiganja, hakuhisi. Akatueleza taratibu kwamba msuli haujiamulii kitu. Amri hutoka kwenye ubongo, hushuka uti wa mgongo, hufuata neva mpaka kwenye msuli. Pale neva humwaga kemikali kidogo, na msuli ndipo hujikunja. Msuli wa huyu ni mzima, akasema, ila amri inakwama kwapani, neva imebanwa.

Akayatazama magongo. "Nani alikutengenezea haya?"

Sentimita akajibu upesi kwamba aliyanunua kwa mtu tu, hamkumbuki. Hakunitazama. Masikio yakaniwaka moto. Ningeweza kutoka mle na sifa zangu zote.

"Ni mimi," nikasema. "Aliniomba nimpime, nikakataa."

Daktari hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Akamfunga kibao cha kushikilia kiganja, akasema neva huchukua miezi kupona, na aombe isiwe imeumia sana.

Wiki ya tisa tangu afungwe kibao, Sentimita akaniita kibandani kwake. Akaweka mkono mezani, akakunja uso. Kidole gumba kikainuka, kikatetemeka, kikaanguka.

"Umeona, shemeji?"

Nikasema nimeona. Macho yangu yalikuwa yameshashuka sakafuni.