Kichwa cha Malkia

Chuoni hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Bomba, na msidhani ni kwa kumsifu. Bibi yake aliyemlea alipofariki, alijifungia chooni akalia, na mwanafunzi mwenzake, yule wanayemwita Malkia, akamrekodi kwa simu kutoka juu ya mlango. Jioni ile video ilikuwa imelifikia darasa zima la ususi, na chini yake maneno: "Bomba limepasuka." Watu wakacheka mpaka mbavu zikawauma. Msiba, jamani! Mtu anacheka msiba!

Tangu hapo Bomba hakulia tena, alijikaza kisabuni. Chakula kikamshinda, usingizi ukamhama, na kila alipochana nywele za sanamu darasani alimwona Malkia. Shangazi yake alimwambia waziwazi, "Mwanangu, hasira hiyo unailea kama mtoto mchanga. Iseme hata kwangu, itoke."

"Haitoki, shangazi, mpaka imfikie mwenyewe."

Ukaja mtihani wa vitendo: kulainisha nywele kwa dawa, wanafunzi wakitengenezana wao kwa wao. Mwalimu akawapanga wawili wawili, na Bomba akapewa kichwa cha Malkia. Moyo ulimruka kwa furaha, tena furaha mbaya.

Alipogawa nywele kwa kitana akaviona: vidonda vibichi, nyuma ya masikio na utosini. Hofu ya mtihani ilikuwa imemfanya Malkia ajikune usiku kucha, na alikuwa amenyamaza kimya. Kila msusi anajua kichwa kilichokunwa hakitiwi dawa, kitaungua. Bomba alitakiwa ainue mkono amwite mwalimu. Hakuuinua. Alivaa glavu, akachota dawa, akaanza kupaka polepole, tena palepale penye vidonda.

"Ikiwasha useme, dada," alimwambia kwa sauti laini.

"Siwashwi mimi."

Thubutu! Kwenye kioo Bomba aliona taya zinakazana na vidole vinang'ang'ania kiti. Angesemaje inawasha, yeye aliyewafundisha wenzake kumcheka anayelia? Bomba alilijua hilo, na ndiyo maana alisubiri. Lia, alisema moyoni. Lia nikuone. Na siwafichi, ilikuwa tamu, utamu aliusikia mpaka kwenye vidole.

Malkia akavuta ncha ya taulo lililokuwa shingoni, akaiuma. Bomba akaduwaa. Hata yeye kule chooni aliuma mkono wa blauzi, hivyo hivyo, ili asisikike. Kwenye video inaonekana. Utamu wote ukamkauka mdomoni. Hasira ilikuwepo bado, haikupungua hata tone, lakini sasa aliiona ilipofika: kwenye ngozi ya mtu.

"Maji!" akapiga kelele, akamkokota Malkia hadi kwenye sinki.

Mwalimu akaja mbio, akapekua kichwa. "Wewe! Vidonda vyote hivi hukuviona?"

Angeweza kusema hapana, na nani angembishia?

"Niliviona, mwalimu."

"Kabla ya dawa?"

"Kabla."

"Basi umefeli. Mwaka huu utaurudia wote. Endelea kuosha, nakuja na mafuta ya kupaka."

Darasa lote likageuka kutazama. Malkia, shingo imelala kwenye sinki, akaangua kilio kweli kweli, kwikwi zinamtikisa mabega. Nyuma kule mmoja akawa anachomoa simu mfukoni. Bomba akajisogeza, akamkinga kwa mgongo wake, akafungua bomba mpaka mwisho, maji yakavuma kuliko kilio.

Akainama sikioni. "Lia. Hawasikii."

"Nisamehe," Malkia akasema katikati ya kwikwi. "Ile video. Nisamehe."

"Bado. Siku nikikusamehe nitakwambia mwenyewe. Geuza kichwa, huku bado kuna dawa."