Kitambaa cha Mama Mkwe Juu ya Kompyuta

Nianze kwa kukiri aibu yangu mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wengine: huko Nandagala, Ruangwa, kwa wakwe zangu wapo wanaoniita Fundi Salfa, na siwezi kukasirika kwa sababu jina nimelitafuta mwenyewe.

Mimi nakaa Nachingwea, nalima korosho, na nina kompyuta ya mezani ya mtumba ambayo nilikuwa naringa nayo kupita kiasi. Ndiyo maana shemeji yangu Zainabu, mdogo wake mke wangu Somoe, alipoitwa kwenye usaili wa video wa kazi ya maabara, nilijipiga kifua: njoo kwangu, mashine ipo. Akaja kutoka Ruangwa na mama yake, vyeti kwenye bahasha. Mama mkwe (kwetu mtu na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja, yeye uani, mimi sebuleni, salamu kwa mbali) akamtuma Somoe aniletee zawadi: kitambaa cha kufuma, kizito, cha kufunikia kompyuta. Nikaivisha saa ile ile, juu mpaka ubavuni, maana zawadi ya mkwe huiachi imekunjwa.

Usaili ulikuwa saa nane mchana. Saa sita tunafanya majaribio, kompyuta ikaganda. Mshale kimya, kibodi kimya, uso wa Zainabu umebaki kwenye kioo mdomo wazi. Nikazima, nikawasha, ikaenda dakika kumi, ikaganda tena. Nikafuta michezo ya mwanangu Shaibu, nikabadilisha waya wa umeme, nikachomoa kila kinachochomoka, wapi! Zainabu anakunja na kukunjua bahasha yake tu, na hilo ndilo lililonichanganya zaidi.

Nikampigia fundi wa sokoni. "Inachemka?" akauliza. Nikagusa ubavuni, nikatoa mkono upesi. "Basi feni imejaa vumbi. Ipulize."

Mtu mwenye akili angetafuta brashi. Mimi nikakimbilia stoo, nikaja na mashine ya kupulizia mikorosho, ile ya kubeba mgongoni (tangi nilijua ni tupu, nilijua kabisa), nikavua kitambaa, nikafungua boksi la kompyuta, nikavuta kamba ya mashine. Salfa iliyobaki, ule unga wa njano wa kuua ukungu wa mikorosho, ikatoka yote kwa pamoja, sebule haionekani, majirani wakaingia mbio wakidhani nyumba inaungua, na Zainabu kasimama katikati, mtandio wake mweupe umegeuka wa njano, macho yanamtoka machozi.

"Shemeji, umenifanya nini?"

Imebaki robo saa. Tukafuta, tukawasha, ikawaka vizuri kabisa! Na mimi na adabu zangu nikakirudisha kitambaa, kwa sababu majirani walijaa mlangoni na habari kwamba zawadi ya mkwe imetupwa chini ingefika uani haraka.

Saa nane wakatokea wasaili watatu. Zainabu, na unga wake wa njano, akajibu swali la kwanza vizuri, la pili akaanza vizuri zaidi, nami nahesabu dakika moyoni, nane, tisa, kumi, ikaganda. Akaangua kilio. Hapo mama mkwe akaingia, mara ya kwanza tangu nimuoe binti yake kuingia chumba nilichomo, akaitazama kompyuta, akakivuta kitambaa kwa mkono mmoja.

"Baba Shaibu, hiki cha kufunikia ikishazimwa. Ukiivalisha huku inafanya kazi, itapumulia wapi?"

Nikampisha. Akachukua ungo akaipepea mwenyewe, ikapoa, ikawaka, haikuganda tena. Lakini wasaili walishahamia kwa mtu mwingine, na kazi ile Zainabu hakuipata. Hajawahi kunilaumu. Bora angenitukana, ningelala usingizi.

Nimeapa, nisichokijua nitauliza, hata kama wa kumuuliza ni mkwe. Juzi mama mkwe alikuja tena, na kitambaa kingine. Sikukigusa. Nilikwenda mpaka mlango wa uani, nikainamisha kichwa, nikasema mwenyewe bila kumtuma Somoe: "Mama, hiki kinafunika nini?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Meza, baba. Meza tu."