Kengele ya Dunga na Mbuzi wa Dorca

Dorca si mtu wa kununa kimya kimya. Akikasirika, ufuo mzima wa Dunga unajua, maana sufuria zinagongwa, mafuta yanaruka nje ya karai, na mteja anayeuliza bei anajibiwa kama amekuja kuiba. Jumamosi hiyo samaki wake wa kukaanga, ngege, waliungua upande mmoja na hakuna aliyethubutu kulalamika. Alikuwa amepata habari kwamba kesho yake kengele ya kanisa itashushwa na kupewa wageni, wairudishe kwao Uingereza.

Kengele yenyewe si kubwa, ukiiona unaweza kuidharau. Ililetwa zama za wamishonari wa kwanza, reli haijafika ziwani. Watoto wa shule ya Jumapili huko ng'ambo walijinyima sukari kwenye chai, wakatia sarafu zao kwenye kisanduku, ikanunuliwa kengele ya kuwaita watu wa ziwani kwa Mungu. Ndivyo kinavyosema kibao cha ukutani, na kila mwaka Mzee Absalom, mwenyekiti wa kamati ya kanisa, hukisoma kwa sauti ya kutetemeka, utadhani na yeye alinyimwa hiyo sukari. Wapagazi walioibeba mabegani kutoka pwani, wengine wakafia njiani, hawatajwi popote. Hilo lilimkera Dorca tangu zamani, ila aliliweka kando kwa sababu kengele ilikuwa na kazi.

Na kazi yake kubwa si ya Jumapili. Boti ikipinduka ziwani, kengele hupigwa mfululizo bila kupumzika, na kila mwenye boti anaacha alichoshika anaingia majini. Mpigaji ni Dorca. Aliipiga hivyo hivyo mwaka juzi, siku ambayo mwanawe Oduor hakurudi. Alivuta kamba hadi viganja vikachubuka. Zikatoka hata boti za watu waliokuwa hawasalimiani naye, na Oduor akapatikana, akazikwa nyumbani, mahali ambapo mama yake anaweza kupalilia kaburi. Wako akina mama ufuoni hapa ambao hata hilo hawana.

Sasa sikiliza na ya mbuzi, ndipo utajua kwa nini samaki waliungua.

Katika kanisa lao, asiye na pesa huleta alicho nacho: kuku, mayai, mkungu wa ndizi. Kinawekwa mbele ya madhabahu, kinaombewa, na Jumapili inayofuata kinapigwa mnada uani. Dorca alikuwa ametoa mbuzi wake jike kwa ajili ya paa jipya. Wiki haijaisha, ziwa likamchukua Oduor. Boma likajaa waombolezaji, na jikoni hakuna cha kupika. Akameza aibu, akaenda kumwomba Mzee Absalom amrudishie yule mbuzi, angelipa mwingine akipata nafuu. Mbuzi alikuwa bado amefungwa nyuma ya kanisa, anakula majani, mnada haujafanywa. Absalom akamjibu kwamba kilichowekwa mbele ya madhabahu hakirudi. Watu wakamlilia Oduor kwa chai ya rangi. Absalom naye alikuja matangani, akaketi kwenye kiti cha mbele, akaomba aongezewe sukari. Jumapili mnada ulipofika, aliyemnunua yule mbuzi ni nani? Ni yeye huyo huyo. Yawa, watu wengine hawana haya!

Basi Jumapili ya wageni ilipofika, Dorca aliingia kanisani leso imekazwa kiunoni. Wageni waliketishwa mbele, wakiongozwa na mama mmoja wa makamo anayeitwa Becky. Nje, vijana wawili walikuwa tayari wameegemeza ngazi kwenye nguzo za kengele. Absalom akasimama, akawasifu watoto wale wa zamani na sukari yao, kisha akatangaza kwamba leo kanisa linarudisha sadaka yao kwa shukrani. Dorca akainuka.

"Mzee, nilipokuja kukuomba mbuzi wangu, uliniambia nini?"

Absalom akamwambia aketi, hayo si mambo ya mbele ya wageni. Dorca hakuketi.

"Uliniambia kilichowekwa mbele ya madhabahu hakirudi. Mimi nilikuwa na maiti nyumbani na hukunirudishia. Hawa wana maiti gani?"

Sheryl, mwalimu wa kwaya, ndiye aliyekuwa akiwatafsiria wageni, na ingawa Absalom alimtolea macho, alitafsiri yote, mbuzi na maiti. Becky akasimama, uso umemwiva. Akasema wao hawakuwahi kuidai hiyo kengele. Mwenyekiti ndiye aliyewapigia simu, akawaambia kanisa halina haja nayo tena, kwamba wakiichukua wanaweza kuleta spika kubwa badala yake. Wao walidhani ni matakwa ya watu wote.

Kanisa likavurugika. Wavuvi wa viti vya nyuma walisimama wote, na mmoja akauliza umeme ukipotea usiku wa dhoruba, hizo spika zitamwita nani. Absalom alijaribu kueleza habari za maendeleo, lakini sauti ya kutetemeka safari hii ilimjia yenyewe. Alipoona hapati pa kushika, akamgeukia Dorca, akaongea kwa upole ambao hakuwa nao siku ya msiba.

"Mama Oduor, tuyamalize. Mbuzi wako nitakurudishia leo hii. Amezaa, nitakupa na watoto wake."

Watu wakamtazama Dorca. Wengine walikuwa wameshaanza kutabasamu, wakidhani mambo yameisha. Machozi yalimtoka Dorca bila yeye kuyafuta.

"Sitaki. Mimi nilitoa, na nikitoa nimetoa. Kaa nao, walishe vizuri, na kila wakilia umkumbuke mwanangu na chai uliyomnywea."

Akatoka nje, akawaambia wale vijana waondoe ngazi yao. Kisha akashika kamba kwa mikono miwili, akaipiga kengele mfululizo kama inavyopigwa mtu akipotea ziwani, Absalom na wageni wajionee inamwita nani, na kule chini ufuoni watu wakaanza kusukuma boti majini.