Mrithi Niliyemwandikisha Benki

Mwaka 1974, nikiwa na miaka kumi (au tisa, aliyekuwa anajua hesabu hiyo ni baba, na baba ndiye aliyekufa mwaka huo), ndipo shida ilipoingia kwetu ikakaa. Ng'ombe walikwisha kwa ukame, shule nikaachia darasa la pili, nikaenda kuchuma kahawa kwenye shamba la watu huku upande wetu wa mlima. Nimebeba magunia soko la Ngaramtoni, nimepasua kokoto, nimelala zizini na ndama wa mtu mwingine ili nipate joto. Kila nilicho nacho nimekitafuta kwa mikono hii. Nawaambia mapema ili mjue kwamba anayewasimulia si mtu wa kuaibika hovyo hovyo, lakini benki niliaibika, rafiki zangu, niliaibika mbele ya watu waliovaa tai, na mpaka leo nikipita barabara ile navuka upande wa pili.

Ilianza na msiba. Mdogo wangu alikufa, na kabla arobaini haijafika ukoo ukakaa, na mjane wake akaambiwa arudi kwao kwa sababu hakuna karatasi hata moja yenye jina lake. Mimi nilikuwa nimekaa palepale kwenye kikao. Sikusema kitu. Mke wangu alikuwa anapitisha chai, akasikia yote, akanyamaza wiki nzima, halafu asubuhi moja akiwa anakamua, bila kugeuza uso, akaniambia, "Baba Lazaro, shamba sitaki, ng'ombe sitaki. Nataka uliandike jina langu kwenye karatasi moja yenye mhuri. Siku ukifa niwe na kitu cha kushika."

Nikamwambia hilo ni jambo dogo, nitafungua akaunti benki na yeye ndiye atakuwa mrithi. (Mpaka siku hiyo benki yangu ilikuwa sanduku la bati chini ya kitanda.) Mwanangu Lazaro, anayekaa Njiro na anayejua mambo ya maofisi, akanipigia simu akaniomba nimsubiri Jumamosi twende wote, maana kuna fomu ndefu. Nikamwambia fomu si simba. Hapo ndipo nilipokosea, kila kitu kilichofuata kimetoka kwenye neno hilo moja.

Nikajiandaa mwenyewe. Barua ya mtendaji wa kijiji yenye mhuri ninayo, kitambulisho cha taifa ninacho, picha ndogo mbili ninazo (nimetoka kama mtu aliyekamatwa na polisi lakini ni mimi), laini ya simu imesajiliwa kwa jina langu. Nikazipanga kwenye bahasha ya kaki, nikavaa koti la kanisani, nikashuka mjini Jumatatu.

Asubuhi ile ukungu wa Meru ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mapaa ya mjini, ukitembea uko kama mtu aliye ndani ya kibuyu cha maziwa, unasikia magari huyaoni, unasikia watu wanasalimiana hujui ni akina nani. Nikaingia benki na ukungu wangu. Ndani kuna ubaridi wa mashine, kuna viti laini vinavyokumeza mpaka kiunoni, kuna mlinzi anakupa karatasi yenye namba, na kuna sauti ya mwanamke juu kwenye dari, huioni inakotoka, inaita namba moja moja taratibu kama malaika anayesoma kitabu cha uzima. Nikakaa. Nawaambia ukweli, nilijisikia vizuri. Nilimwona yule mtoto wa 1974 amekaa pembeni yangu na miguu yake yenye funza, anaangalia sakafu inavyong'aa, nikamwambia kimoyomoyo, kaa tu, na sisi tumefika.

Malaika akaita namba yangu. Kwenye meza alikuwa binti mmoja, kwa kuongea tu nikajua ni wa Machame, akasimama kidogo akasema "Shikamoo baba," nikaitika, nikamwekea bahasha kama mtu anayeweka sadaka. Akatoa karatasi moja moja, kila moja akisema hii iko sawa, hii iko sawa, na mimi kila akisema hivyo mgongo unanyooka. Shida ndogo ikawa kwenye vidole. Kuna kioo kinawaka taa, unaweka kidole gumba kinakutambua, changu kikakataliwa mara tatu, nikamweleza kwamba alama zangu zilibaki kwenye kokoto. Tukajaribu vidole kimoja kimoja mpaka kidole kidogo cha kushoto kikakubaliwa, na watu waliokuwa nyuma yangu wakaguna kwa kuchoka, lakini mimi niliona fahari, nikageuka nikawaangalia.

Halafu binti akauliza, "Mrithi wako nani, baba?"

Nikamjibu kwa sauti, wote wasikie, kwamba ni mke wangu.

"Jina lake?"

"Ngoto Lazaro."

Akatabasamu, akasema huyo ni mama yake Lazaro, amemwelewa, lakini anataka jina lake mwenyewe, kama lilivyo kwenye kitambulisho.

Sasa msinicheke kabla sijaeleza. Sisi wa zamani, upande huu wa mlima, mtu hamwiti mke wake kwa jina kama anayeita karani. Alipokuja kwetu tulimwita Esiankiki, yaani bibi harusi, mama yangu alimwita hivyo, mimi nilimwita hivyo, akazaa mtoto wa kwanza akawa Ngoto Lazaro, na tangu hapo nyumbani, shambani, kanisani, ni Ngoto Lazaro. Kitambulisho chake anakifunga kwenye ncha ya kanga, mimi sijawahi kukifungua, nilikuwa na sababu gani? Miaka zaidi ya arobaini hakuna mtu aliyeniuliza.

Dawa ilikuwa kusema sijui. Neno fupi tu. Lakini nyuma yangu kuna watu waliokwisha kuguna, na mimi ndiye niliyesema fomu si simba. Nikafumba macho nilitafute.

Nikamwona anakuja kwetu siku ile, kichwa kimeinama, shanga zinagongana polepole, majani mabichi ya baraka kwenye viatu. Nikaona kanisa letu la mabati, mvua ya masika inapiga, mchungaji amefungua mdomo anasema jina lake na mabati yanalimeza. Nikaona maua ya kahawa yameanguka njiani meupe, yeye anatembea mbele, mimi nyuma, nataka kumwita ageuke na mdomoni sina kitu. Nikalifuata jina kwenye ule ukungu kama unavyofuata kengele ya mfugo uliopotea, na kengele ikalia kweli, ikasogea, nikasema hilo linakuja, na kwenye weupe ule akatoka ng'ombe. Mwekundu, pembe moja imeinama, macho ya upole. Ng'ombe wangu wa kwanza kumnunua kwa jasho langu.

"Nanyokie," nikasema.

Kwa Kimaa ni yule mwekundu, na hata msichana unaweza kumwita hivyo. Binti akaandika, akasema ni jina zuri. La pili? Nikamwambia aweke la kwangu. Uhusiano? Mke. Nilikuwa natokwa jasho kwenye ubaridi ule wa mashine, lakini nikajiambia limepita.

Akaomba namba ya simu ya mrithi, nikaitaja kwa kichwa, akasema atapiga kidogo kuhakikisha haijakosewa. Na mimi (Mungu anisamehe), ili nionekane mtu asiye na cha kuficha, nikamwambia aweke sauti kubwa maana masikio yangu ni mazito. Masikio yangu si mazito.

Simu ikaita. Ukumbi ulikuwa kimya, unajua benki, watu wananong'ona kama hospitali. Nikasikia sauti ya mke wangu, na nyuma yake majogoo wetu.

"Shikamoo mama," binti akasema, "napiga kutoka benki. Naongea na Bi Nanyokie?"

"Umekosea namba, mwanangu."

"Si mke wa mzee..." akataja jina langu lote, majina matatu. "Yuko hapa mbele yangu, amekuandika wewe mrithi. Nanyokie."

Jogoo akawika. Halafu mke wangu akasema taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia, "Nanyokie alikuwa ng'ombe. Alikufa kwa ndigana, Lazaro akiwa bado ananyonya."

Nyuma yangu mtu akaanza kucheka kupitia puani, mwingine akadakia, mlinzi akageukia ukutani mabega yanatikisika. Mzee mmoja, naye mfugaji kwa kumwangalia, akauliza kwa sauti kama marehemu ameacha ndama. Binti wa watu akawa ameziba mdomo kwa ile fomu yangu. Hayo yote ningeyabeba, nimebeba mazito zaidi. Lakini simu ilikuwa haijakatwa.

"Mwanangu," mke wangu akauliza, "hapo kuna watu wengi?"

"Wapo, mama."

"Basi mwulize mbele yao. Mimi naitwa nani?"

Kicheko kikaisha. Binti hakuniuliza, aliniangalia tu. Ukumbi mzima ukaniangalia, na hata ile sauti ya kwenye dari ikanyamaza, au niliona hivyo. Nikatazama mikono yangu. Mke wangu akasubiri, nikamsikia anavyovuta pumzi, halafu akakata simu. Nikakusanya karatasi zangu, picha moja ikaanguka chini ya meza, sikuinama kuiokota.

Nyumbani nilitegemea vita. Nilikuta chai mezani, na maziwa yake, na viazi. Akanikaribisha kama mgeni wa heshima. Nikamwambia basi anitajie jina tufute hilo jambo, akasema, "Jina la ng'ombe hukutajiwa, ulilikumbuka." Akatoka nje. Nikampigia Lazaro, akasema, "Baba, mama ameshatupigia wote. Amesema atakayekutajia asimwite mama tena." Alhamisi nikaenda sokoni Ngaramtoni, vijana wa magunia wakanipa shikamoo kwa adabu zote, halafu mmoja akauliza kama Nanyokie hajambo nyumbani. Habari imetoka mjini imenitangulia, sijui kwa miguu ya nani.

Kilichoninyima usingizi si hao. Ni kwamba usiku nilimsikia mke wangu amelala macho, na nikajua anamfikiria yule mjane wa mdogo wangu. Mimi pia nilimfikiria. Nilitafuta jina lake, la yule mjane, na nalo sikulipata.

Siku iliyofuata nikapanda usharikani. Kuna kitabu cha ndoa cha zamani kule. Katibu wa usharika, mama mmoja mnyoofu mwenye miwani, akanitazama akasema, "Mama alipita hapa juzi. Amekataza nisikusomee." Akafungua kabati. "Hakukataza nisikuonyeshe." Akaniwekea kitabu, akaenda kumwagilia maua.

Nikabaki na kitabu na kidole changu. Kusoma kwangu ni kwa darasa la pili, na mwandiko wa mchungaji yule ulikuwa kama mizizi. Nikapita mstari kwa mstari, ndoa za watu waliokwisha kufa, ukungu unaingia dirishani unakaa juu ya karatasi, mpaka nikaliona jina langu, na pembeni yake, kwa wino uliofifia ukawa rangi ya chai, herufi nyingine. Nikaziunganisha kwa mdomo kama mtoto. Re. Be. Ka. Rebeka. Halafu Nem. Bris. Rebeka Nembris. Nikaligusa. Nikashuka mlima nikilisema njia nzima nisilidondoshe, watu wananisalimia siitiki.

Nilimkuta migombani anakata majani, mgongo kwangu.

"Nembris," nikaita.

Hakugeuka. Nikaita tena, akaendelea kukata. Nikadhani amekasirika, kumbe hakujua anaitwa yeye, sikio lake lilishalisahau. Mara ya tatu panga likasimama hewani.

"Unamwita nani?"

"Wewe."

Akakaa chini, palepale kwenye majani, akaweka panga pembeni. Migomba ilikuwa inadondosha maji polepole. Halafu akasema, "Rudia." Nikarudia. "Na la kanisani?" Nikalisema na la kanisani. Akaniambia nimelitamka vibaya, akanifundisha, tukawa tumekaa pale migombani watu wazima tunafundishana jina mpaka ng'ombe wakaanza kulia wakitaka maji.

Jumatatu tukaenda benki wote wawili. Kabla ya hapo tulipitia kwa mjane wa mdogo wangu huko kwao, nikamwuliza jina lake uso kwa uso, akasema anaitwa Naomi, na kwenye kikao cha ukoo kilichofuata nilisimama nikalitaja, nikamtetea, na nilisimama muda mrefu.

Yule binti wa Machame alitupokea bila kucheka, Mungu ambariki. Alipofika kwenye mrithi nikafungua mdomo, mke wangu akanigusa mkono, akajitaja mwenyewe, majina yote, polepole, huku akiangalia kalamu inavyotembea.

Sasa ofisi siingii peke yangu, na neno sijui nalisema mapema kabla halijanitafuta. Leo nina nyumba ya tofali ya vyumba vinne, ekari mbili za migomba na kahawa, ng'ombe sita, mbuzi kumi na mmoja, watoto watano wote wamesoma kunipita, na akaunti moja benki. Nakala ya ile fomu ina mhuri wa bluu. Hiyo si yangu, ni ya Nembris, ameifunga kwenye kanga pamoja na kitambulisho, na nikiomba kuiona ananiuliza ninataka kusoma nini.