Fundi wa Sare Aliyetupandisha Kirimiri

Jumanne asubuhi nilikuwa kwa kinyozi hapa mjini Embu, nusu ya kichwa imeshanyolewa, simu iliponiletea habari kwamba mama aliyekuwa akitupandisha milimani kila Jumamosi ametutoka. Alikuwa na shinikizo la damu, lakini wiki mbili tu zilizopita alitutangulia kupanda kama kawaida yake, nasi nyuma tukihema. Nilimwomba kinyozi asubiri kidogo. Msomaji wangu, simlilii mtu maarufu. Huyu alikuwa fundi cherehani aliyeshona sare za shule katika kibanda karibu na soko. Jumamosi alifunga kazi, akavaa raba na kutuchukua sisi watu wa ofisini, vitambi vyetu na yote, hadi mahali ambapo mtu anaweza kuona mbali.

Mwanzoni nilimcheka. Sisi tuliozaliwa kwenye miteremko hii tulipanda vilima tukitafuta kuni au mbuzi aliyepotea. Kupanda bure, tena siku ya kupumzika, lilikuwa jambo la kushangaza. Mama yangu alipoona picha zangu za kwanza aliniuliza nilikuwa nimepoteza nini huko juu. Lakini daktari alikuwa amenitisha kuhusu sukari, kwa hiyo nikaenda. Fundi alikuwa na desturi moja. Tukifika kileleni, kabla ya mtu kumimina chai au kupiga picha, kila mmoja alitakiwa aonyeshe kwao kwa kidole. Yeye alielekeza upande wa Manyatta alikozaliwa, mwenzetu wa Kiritiri akageukia kule kwenye joto na mbuzi, na asiyepaona kwao alionyesha upande tu, akatuambia kunalimwa nini.

Siku tuliyopanda Kirimiri nilitamani kujifanya mgonjwa, maana kwetu ni pale chini ya kilima. Kwa miaka sita sikuwa nimesema na ndugu yangu. Marehemu baba alikuwa amepanda mstari wa mikima, ile miti ya mbao, kutoka barabarani hadi mtoni, uwe mpaka wetu. Ndugu yangu aliikata ile ya chini akapasua mbao, akapanda mingine, nami nikashikilia kwamba miche yake aliiingiza ndani ya kahawa yangu. Wazee walikuja, mchungaji akaja, sikusikia la mtu. Kila Krismasi mama yetu alikula mchana kwa ndugu yangu na jioni kwangu, akivuka shamba peke yake na kitambaa chake kichwani, na hakuna aliyemsindikiza kwa sababu hakuna aliyetaka kufika kwa mwenzake.

Zamu yangu ilipofika nilionyesha kijiji kingine kabisa. Fundi akampa zamu aliyefuata. Wengine walipokaa kula viazi vitamu, alikuja nilipokuwa nimesimama peke yangu, akaniuliza kwa sauti ya chini kwetu ni wapi hasa. Nikamweleza yote, hasira ikipanda upya, nikamwonyesha paa letu, barabara, na ile mikima. Akafumba jicho moja, akaangalia kama anayekagua pindo la sketi.

“Mzee, hiyo line mimi naiona imenyooka,” akasema. “Miti mikubwa na ile midogo. Ama wewe unaona nini?”

Niliangalia. Katikati ya shamba letu kuna mwinuko, na ukisimama kwenye kahawa chini huwezi kuiona miti ya baba iliyo juu. Nilikuwa nimepima kwa macho na kwa chuki. Kutoka Kirimiri mstari ulikuwa mmoja, kutoka barabarani hadi mtoni. Nilisikia aibu.

“Basi leo usirudi town na sisi,” akaniambia. “Shukia huko, umwambie ndugu yako leo leo.”

Nilimkuta ndugu yangu akipogoa kahawa. Nikamwambia nimeona kutoka juu, na kwamba nilikosea. Hakuacha kupogoa. Alisema alinieleza hivyo miaka sita iliyopita, kisha, baada ya matawi mawili matatu, akaniuliza kama nimekula. Krismasi iliyofuata mama alikula mara moja tu, akiwa katikati yetu, na akalala mapema.

Kwa muda mrefu niliamini kundi zima la Jumamosi linajua habari yangu na kunicheka. Kwenye mazishi, kila mmoja wetu alisimama kusimulia alichofanyiwa na fundi, nami nikagundua kwamba hakuna hata mmoja aliyewahi kusikia la kwangu. Hakumwambia mtu. Ndiyo maana nimelisema mwenyewe leo. Wanaotukosoa ni wengi, na wengi wao hutukosoa hadharani ili waonekane. Anayekuonyesha kosa lako na kulifunika mpaka ulirekebishe ni wa kushukuriwa akiwa bado anasikia. Mimi nilipanda nyuma yake miaka minne baada ya siku ile, na sikuwahi kumwambia asante.